Mwaka Niliposema Kabla ya Dokta

Mwezi uliopita tulimzika Pasta wetu, hapa Baraka, na kwenye kilio wamama waliokuwa wanamenya mihogo nyuma ya nyumba wakaanza kunicheka. Kilio chetu kiko vile: mbele, chini ya shitingi la plastiki lililotandwa kama paa, watu wanalia na kuimba, nyuma, kwenye mafiga, watu wanasema yote. "Munamukumbuka huyu Feza wakati alikuwaka anatafsiri?" mmoja akauliza, kisu chake hakisimami. "Pasta anafungula tu kinywa, yeye anamaliza mahubiri!" Mwingine akaitikia, "Na ile mbuzi! Mungu wangu, ile mbuzi!" Wote wakaangua kicheko, mpaka mtu akatoka mbele kutuambia tuheshimu maiti. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa Pasta. Jumapili moja alisimulia kanisani jinsi alivyompoteza upande wa Swima, akamtafuta siku tatu nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa pembeni yake nikitia maneno yake katika Kibembe. Nilimwona yule mnyama kichwani mwangu, nikamwonea huruma, nikamrudisha nyumbani. Wamama wazee wakapiga vigelegele. Pasta akawatazama, akangoja watulie, kisha akamalizia sentensi yake: mbuzi hakuonekana mpaka leo.

Nilicheka nao mpaka machozi yakatoka, na sikujua kama ni ya mbuzi au ya Pasta. Lakini hakuna hata mmoja pale aliyeniuliza kwa nini niliacha ile tabia. Walifikiri nilikua tu, kama watoto wanavyoacha kula udongo. Sikuiacha kwa kukua. Watu wanakua wakizeeka nayo, nimewaona. Mimi niliiacha mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya mguu wa mama mmoja mzee, na wale wamama wenye visu vya mihogo hawakuwahi kuisikia habari hiyo kwa kuwa sikuwahi kuisimulia.

Mwaka ule masomo yangu yalikuwa yamesimama kwenye darasa la tatu la sekondari, na nilikuwa na ndoto kubwa kuliko nyumba yetu. Nilitaka kusema kwenye redio. Nilijizoeza nikiosha masufuria: "Hapa ni Baraka, mimi ni Feza, karibuni." Kwa hiyo Pasta aliponiita nitafsiri mahubiri, niliona Mungu ameanza kunijibu. Kanisani kwetu mabenchi ya kushoto yalikuwa ya wazee walioteremka kutoka milima ya Fizi, wamama hasa, ambao Kiswahili kiliwapita juu ya kichwa. Pasta anasema sentensi, anasimama, mimi naisema kwa Kibembe, nasimama, yeye anaendelea. Kazi ni hiyo tu. Mtu yeyote mtulivu angeiweza. Mimi sikuwa mtulivu. Nilikuwa mtu wa kucheka kabla ya kichekesho kwisha, wa kulia kwenye harusi, wa kumkumbatia mgeni kabla ya kumwuliza jina. Kila mtu alinipenda kwa hilo, nami nilijipenda pia. Pasta alipochelewa kidogo kutafuta neno, ule ukimya uliniumiza kama kumwona mtu anabeba ndoo mbili peke yake. Nilimsaidia. Nilidhani ninamsaidia. Nikiangalia leo naona kilichokuwa kinatokea: wazo langu lilikuja limevaa nguo za mtu mwingine, nami nikalipokea kama neno lake, bila kulitazama usoni.

Muuguzi aliyekuja kituo cha afya mwaka ule alitoka Bukavu. Sisi tulimwita Dokta, kwa sababu anayevaa blouse nyeupe, koti la hospitali, kwetu ni dokta. Alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye kuongea haraka, na Kibembe hakujua hata salamu. Jumatatu moja wenzake wanaojua Kibembe walikuwa wametoka na masanduku ya chanjo, naye alibaki na mgonjwa asiyemwelewa. Akamtuma mtu wa pikipiki anitafute. Nilikuwa nachagua maharagwe. Niliyaacha kwenye ungo, kuku wakayafurahia, nikapanda pikipiki na miguu yenye vumbi.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na kilinuka javeli, ile dawa ya kusafishia sakafu. Dirishani palikuwa na wavu uliotoboka, na nje ya dirisha hilo wagonjwa wengine walikuwa wamekaa wakizungumza bei ya samaki wa mikebuka kana kwamba wako sokoni. Kitandani alikaa mama mzee, mdogo wa mwili, kichwa kimefungwa kitambaa cha bluu, mguu wa kulia umewekwa juu ya kiti. Aliitwa Koko Sabina, yaani Bibi Sabina. Alikuwa ameshuka peke yake kutoka milimani, kwa miguu na baadaye kwa pikipiki, baada ya kujikata na jembe juu ya vidole na kukaa na kidonda chake wiki mbili akiweka majani. Nilipomsalimia kwa Kibembe uso wake ulifunguka wote. (Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili hapa, ila yalikuwa matamu zaidi.) "Ah, mke mwenzangu amekuja!" akasema. Wazee wetu ndivyo wanavyotutania sisi wajukuu. "Mwambie huyu mume wetu apunguze kunibana mguu, hajatoa mahari bado."

Dokta alicheka nilipomtafsiria. Mezani alikuwa na daftari, na kila ukurasa ameupiga mstari kwa rula katikati. Nikauliza ni ya nini. "Huku naandika ile mugonjwa anasema," akaonyesha kushoto, "na huku ile mi nafikiria." Nikamwambia yeye lazima ni mtu wa polepole sana. Akatikisa kichwa. "Mi? Mi niko mubaya kuliko weye. Siku moja mama aliingia na mutoto, mbele niguse mutoto nilishaandika malaria. Kumbe mutoto aliingiza mbegu ya haragi mu sikio. Njo maana mustari. Mutu wa polepole hana kazi na mustari." Nilicheka sana mambo ya haragwe sikioni. Ndilo nililolichukua siku ile. Lile jingine lilibaki limekaa kando kichwani, halina haraka.

Kisha akainama, akafungua kitambaa kwenye mguu. Harufu ilitoka. Kidonda kilikuwa kimeenda mpaka karibu na kifundo, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ya majivu. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Dokta akatazama kwa muda, akasema bila kuinua kichwa: "Umuambie, kidonda kama hii, pahali ingine bangekata muguu..." Hapo akavuta pumzi. Ni pumzi moja tu. Lakini mimi nilikuwa tayari nimeona panga, nimeona damu, nimemwona Koko akirudi milimani na mti chini ya kwapa, na nimekwisha kumlilia. Nikamshika mkono nikasema kwa Kibembe, kwa sauti ya huruma yote niliyokuwa nayo: "Koko wangu, anasema mguu utakatwa."

"...lakini hapa hatukate," Dokta akamaliza. "Tutaosha tu. Akuye kila siku mbili, tuoshe, tufunge. Hivi vidole mbili tutaangalia."

Ningeweza kusema: Koko, samahani, nimekosea. Ni maneno matatu. Mtoto wa miaka mitano anayajua. Lakini palikuwa na aibu, na mimi ni mtu niliyezoea kupendwa, na wazo likaja upesi upesi kwamba nikiongeza sehemu iliyobaki yote yatajinyoosha yenyewe. Nikaongeza. "Uje kila siku mbili waoshe mguu," nikasema. Fikiria sasa mzee yule alisikia nini: watakukata, lakini kwanza watauosha. Koko Sabina alitazama kinywa cha Dokta, akatazama changu, akarudi tena kwa Dokta. "Nimesikia," akasema. Hakutania tena. Akafungwa bandeji mpya, akachukua fimbo yake, na mlangoni akaniambia nibaki salama. Mimi nilirudi nyumbani nikakuta maharagwe yamebaki nusu, na jioni nikala bugali kwa hamu nzuri kabisa. Hilo ndilo linalonishangaza hata leo. Sikuwa nimesahau. Sikuwa nimewaza. Mambo yalikuwa yamepita ndani yangu kama watu wanavyopita njiani, na mimi mwenye njia sikuuliza hata mmoja anakokwenda.

Jumapili Dokta alikuja kanisani. Si kusali; aliningoja nje mpaka nimalize, shati lake limelowa jasho, daftari kwapani. "Dada Feza, ule Koko harudie. Hata siku moja. Nimeuliza kule alikuwa analala, banasema alipanda boti ya Kazimia kesho yake asubui, kwa binti yake." Nikasema lo, pole. "Ulimuelezea muzuri?" akauliza, bila ubaya wowote. Na mimi nikajibu kabla swali halijatua: "Ndiyo, Dokta, yote." Akakubali kwa kichwa. Akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaandika kitu upande wa kulia akiwa amesimama, daftari kwenye kiganja. Mimi nina macho yasiyo na adabu, nikasoma. Ilikuwa kwa Kiswahili: *Pengine mimi nilisema vibaya. Nilimtisha.* "Kama haoshe," akaniambia akifunga daftari, "wiki mbili ingine ule muguu utafikia fasi ya kukata kweli. Iko na nguvu ule mama, ni pole kwake." Akaenda zake. Pasta akaniita ndani kwa chai na mandazi. Nilishika andazi moja nikalirudisha kwenye sahani.

Nilikaa na ule uongo siku mbili. Nilikuwa sijawahi kukaa na kitu siku mbili. Nilizoea kwamba hisia inakuja, ninaitoa, imekwisha. Nikikasirika nasema, nikipenda nasema. Safari hii nilijikuta nasikiliza. Nilipokuwa napeta mchele, sauti moja ndani ilisema: Dokta ni mtu mzima, atatafuta njia. Nikaiacha iseme mpaka mwisho, kwa udadisi tu, na nilipoisikia mpaka mwisho nikaona si sauti ya Mungu wala ya akili, ni uvivu wenye woga. Nyingine ikasema: Koko huenda amepona kwa majani. Niliisikiliza nayo. Niliijua. Ilikuwa ni ile ile iliyomrudisha mbuzi nyumbani. Nakumbuka nilisimama na ungo mkononi nikashtuka kidogo, kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa kwenye nyumba aliyodhani ni tupu. Kumbe humu ndani wanasema, na mimi nilikuwa napeleka nje kila neno kama mjumbe mjinga. Jumanne nikamwambia Pasta nakwenda Kazimia kumsalimia mgonjwa. Alinipa nauli ya boti na akanionya nisihubiri njiani.

Boti ya Kazimia ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye moteri moja inayokohoa, imejaa mapipa ya mawese, magodoro, kuku waliofungwa miguu na mama mmoja aliyekuwa anagombana na kila mtu kuhusu nafasi ya godoro lake. Nilishuka mchana. Kazimia inanuka ndakala, dagaa wetu wa ziwani, hata kabla hujagusa mchanga. Zilikuwa zimeanikwa kila mahali, zinang'aa. Binti yake Koko Sabina aliitwa Mama Alimasi, aliuza samaki wakavu karibu na bandari, na haikunichukua muda kumpata kwa sababu sauti yake ilisikika kutoka mbali. Nikajitambulisha: natoka Baraka, kwa Dokta. Akaacha mizani yake ikining'inia.

"Kwa Dokta? Ule mukata-watu? Anakutuma weye kamutoto kadogo kuya kuchukua mama yangu?" Wenzake wakageuka. "Mama alifika hapa anatetemeka, ee! Analala na muguu chini ya tumbo kama kuku na mayai. Anasema banamutaka muguu. Umuambie Dokta wako akate yake, iko na mbili!"

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipoteleza tena, na hii inanichoma kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimesafiri njia yote ile kusema ukweli. Nilikuwa nimeupanga kinywani kama mkate. Lakini mbele ya macho yote yale kikatoka kitu kingine, laini, kizuri, kilichotengenezwa tayari: "Mama, Dokta amebadilisha mawazo. Amenituma kusema hatakata tena." Na kweli uso wa Mama Alimasi ukalegea. "Amebadilisha?" "Ndiyo, mama." "Basi iko na roho kidogo." Akanishika mkono, akanipeleka nyumbani kwake, na tangu hapo nilikuwa mgeni wa heshima wa uongo wangu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jikoni la majani nyuma. Tulikula hapo jikoni, tumekaa juu ya vigoda: sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, mikebuka ya kukaanga, bugali wa muhogo mweupe wenye moshi. Koko Sabina alikaa kwenye mkeka, mguu umefunikwa na kitenge hata kwenye joto lile. Alinitazama nikiingia, akasema "Mke mwenzangu," basi. Binti yake ndiye aliyemweleza kwa Kibembe habari njema, kwa kelele, huku akimega bugali: daktari amerudi nyuma, ameogopa, tumemshinda! Koko alitafuna polepole. "Amebadilisha," akasema. Haikuwa swali. Alikula kipande cha samaki, akatoa mfupa mdomoni, akauweka pembeni ya sahani kwa utaratibu. "Basi kesho kutwa tutakwenda," akasema, "nikimaliza kuona kama mjukuu huyu anajua kula." Nilikula kama mwizi, nikitazama sahani. Kila tonge lilikuwa tamu. Baadaye, kutoka chumba cha pili, nilimsikia Mama Alimasi akimwambia jirani, "Ule musichana iko muzuri, anaangaliaka chini, iko na heshima."

Siku ya Alhamisi tulipanda boti ya kurudi, mimi na Koko peke yetu, kwa kuwa Mama Alimasi hakuweza kuacha samaki wake. Nilimweka Koko juu ya gunia la ndakala, mguu ukielekea mbele. Milima ilikuwa mkono wa kushoto, na juu kabisa wingu lilikuwa limekaa upande wa Bibokoboko. Nikaanza kumwonyesha, nikaanza kumsimulia habari za ng'ombe wa huko, sijui nini, nilikuwa najaza hewa tu. Akainua kidole. Nikanyamaza.

"Siku ile," akasema, "ulipokuwa umekwisha kusema, mdomo wake ulikuwa bado unakwenda."

Sikuelewa. Au nilielewa.

"Daktari. Wewe ulisema mguu utakatwa, na yeye alikuwa bado anasema. Mimi nina mguu mbovu, mjukuu, sina macho mabovu. Nimekaa Kazimia siku zote hizi nikijiuliza: yule mtu alisema nini mwishoni? Na kwa nini uso wake haukuwa uso wa mtu anayekata?" Akasogeza mguu kidogo kwa mikono yake miwili, kama anavyosogezwa mtoto aliyelala. "Nikaona labda mimi mzee nimechanganya. Kisha ukaja wewe ukasema amebadilisha mawazo. Mtu habadilishi mawazo ambayo hakuwa nayo."

Nitasema ukweli kuhusu dakika ile, kwa sababu ni ndogo na ilikuwa na mambo mengi. Neno la kwanza lililokuja lilikuwa *moteri inapiga kelele, nijifanye sikusikia.* Nililiona likija. La pili lilikuwa kulia, kulia sana, mpaka aanze yeye kunibembeleza. Na hilo lilikuwa hatari zaidi, maana machozi yenyewe yalikuwa ya kweli na yalikuwa tayari machoni. Nikalitazama nalo. Nikajiambia: machozi haya ni yangu, si jibu lake. La tatu lilikuja taratibu, halikuwa na joto lolote, lilikuwa baya la kusema, na ndilo nililolisema. "Alisema mahali pengine wangekata. Akavuta pumzi. Mimi nikasema kabla hajamaliza. Alikuwa anataka kusema: lakini hapa hatukati. Hakubadilisha chochote. Ni mimi, Koko."

Alitazama maji mpaka Baraka. Nilitamani anitukane, nilitamani hata anipige na ile fimbo, watu waone, iishe. Kumbe hilo nalo lilikuwa ni wazo langu, la mtu anayetaka kila kitu kiishe upesi. Nikaliacha likae kwenye gunia pamoja nasi.

Tulifika kituoni moja kwa moja kutoka bandarini, Koko nyuma ya pikipiki na mimi nyuma ya Koko nimemshika kiuno. Chumba kilikuwa kile kile, wavu uliotoboka, javeli. Dokta alipomwona alisimama na kiti chake kikaanguka. "Aksanti Mungu! Koko, umerudia!" Akavaa glavu, akafungua bandeji, akaosha, akabonyeza hapa na pale, akamwuliza anasikia maumivu wapi. Mimi nilitafsiri swali, nikatafsiri jibu, na katikati nilikaza meno. Alipomaliza alivuta pumzi ile ile. Nikangoja. Alisema nusu ya sentensi, akatafuta neno, na ukimya ukawa mrefu, na mimi nikakaa ndani yake kama mtu anayekaa ndani ya maji ya baridi.

"Muguu utabakia," akasema mwishowe. "Tumepata bahati. Lakini hivi vidole mbili bimekufwa. Lazima tubitoshe, ama ubaya utapanda. Mi nilikuwa natumaini tutabiponesha, lakini siku zimepita. Unisamehe, Koko. Nazani siku ile nilisema mubaya, nilikuogopesha."

"Umemaliza, Dokta?" nikauliza.

"Nimemaliza."

Nikamwambia Koko yote, mguu utabaki, vidole viwili vitatolewa, na siku zimepita, na kwamba anaomba msamaha. Nilitamani kuliruka neno *siku zimepita*, lakini nililisema. Koko alivitazama vidole vyake. Alivigusa kimoja kimoja. Kisha akaanza kusema, polepole, akinitazama mimi na si Dokta, akiniachia nafasi kila baada ya sentensi kama Pasta.

"Mwambie avichukue. Havikuwa vizuri hata nilipokuwa msichana."

Nikamwambia. Dokta akacheka, akapangusa macho kwa mkono wa blouse.

"Mwambie asiniombe msamaha. Mimi sikumkimbia yeye. Nilikimbia maneno ya msichana huyu aliyesimama katikati yetu. Yeye alikuwa bado anasema, na msichana alikwisha kusema. Na Kazimia akamwambia binti yangu uongo, kwamba ni daktari aliyebadilisha mawazo. Mwambie hayo yote, usipunguze, usiongeze."

Chumba kizima hakuna aliyejua Kibembe isipokuwa sisi wawili. Nje ya dirisha walikuwa wanazungumza habari za mvua. Dokta alinitazama kwa uso mwema, akingoja, na mawazo yakaja, Mungu wangu, yalikuja kama watoto wakati wa kutoka shule. Anashukuru sana, Dokta. Anasema Mungu akubariki. Wazo hilo lilikuwa tayari limevaa nguo za Koko. Nililitazama mpaka likaona haya.

"Anasema usimuombe musamaha," nikasema. "Anasema: *mi sikukukimbia weye. Nilikimbia maneno ya huyu musichana anasimama katikati yetu. Weye ulikuwa ungali unasema, na yeye alishamaliza kusema. Na kule Kazimia aliambia binti yangu uongo, asema ni dokta alibadilisha mawazo.*" Hapo maneno yake yakaisha, yakabaki yangu. "Huyo musichana ni mimi, Dokta. Na Jumapili nilikudanganya tena."

Uso wa Dokta ulikwenda mahali nisipopajua, ukarudi, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi mtu wa haraka anavyoonekana akijizuia: shingo inakaza, mkono unatafuta kitu cha kushika. Alifungua mdomo aniambie jambo, na nilikuwa tayari kulipokea, liwe lolote. Lakini nyuma yangu Koko Sabina alikuwa ameinua kidole na midomo yake imeanza kusogea.

"Ngoja kwanza, Dokta," nikasema. "Bado hajamaliza."